Vyombo vya Ndani

Nilimfahamu Paskalina kabla hajafiwa. Tulipanga nyumba moja pale Mshangano, mjini Songea, yeye na mumewe vyumba vya upande wa barabara, mimi chumba cha upande wa migomba. Asubuhi ungesikia cherehani yake kabla hujaona mtu uani. Alishona sare za shule, magauni ya komunyo, na suruali za wanaume waliojua kwamba dukani hazitawakaa.

Mumewe, Oswald, alikuwa fundi ujenzi, mtu wa Maposeni, mpole na mwenye utani. Wageni wakija alipenda kuwaambia kwamba siku ya harusi ng'ombe hawakutoka upande mmoja tu. Mke wake naye alikuja na ng'ombe wake, ng'ombe wa chuma. Hapo anawaonyesha cherehani kwa kidevu, na Paskalina anajifanya kukasirika. Lakini ilikuwa kweli. Aliinunua mwenyewe kabla ya kuolewa, baada ya kufanya kazi miaka mingi kwenye baraza la fundi mmoja kule Mfaranyaki, akikunja pindo na kushikiza vifungo vya nguo za watu.

Oswald aliugua kifua, baridi ilipoanza kuingia. Tulidhani ni mafua ya msimu. Mahindi ya kwao yalikuwa bado shambani tulipompeleka Maposeni kumzika.

Baada ya arobaini, ndugu wa marehemu walikuja Mshangano na kirikuu, yale magari madogo ya kubebea mizigo. Walikuwa wanne: kaka mkubwa Edmund, wadogo zake wawili, na dada yao. Walisali kwanza. Nasema hivyo kwa sababu niliisikia Salamu Maria yao kupitia ukutani. Kisha Edmund akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Shemeji, tumekuja kuchukua vitu vya ndugu yetu, kama ilivyo mila."

Nilitoka nje. Walitoa kitanda, godoro, kabati la vyombo, viti. Nikawa nasema moyoni, basi, wataishia hapo. Hawakuishia hapo. Walitoa mablanketi. Walishusha pazia. Dada yao aliingia jikoni akakuta sufuria ya maharage motoni. Akaepua, akamimina maharage yale ambayo hata hayajaiva kwenye beseni la plastiki lenye ufa, akaondoka na sufuria. Mwisho vijana wawili wakabeba cherehani, kichwa na meza yake, mmoja huku mmoja huku.

Paskalina hakupiga kelele. Alisimama mlangoni na binti yake Fortunata, ambaye alikuwa na umri wa miaka tisa, amemshika begani. Gari lilipoondoka aliniita kwa jina langu, "Shukuru, niazime sufuria. Maharage haya yataharibika."

Usiku ule walilala kwenye mkeka wangu. Lakini mimi nilikuwa na chumba kimoja na watoto wawili, na yeye hakutaka kuwa mzigo, kwa hiyo kesho yake alirudi kwake. Mwezi wa saba wote Fortunata alilala amejifunika gunia la katani juu ya kanga ya mama yake. Wanaoijua Songea mwezi wa saba hawahitaji kuambiwa zaidi.

Watu walisemaje? Walisema pole. Walisema ndiyo mila, afanyeje. Mama mmoja wa jumuiya yetu ya kanisani alimwambia ashukuru kwamba hawakumchukua na mtoto. Hata mimi sikuwa na neno la kumpa. Ungemwita shemeji wa mtu mwizi vipi, mtu aliyekuja mchana kweupe, akasali, akasema kwa adabu? Kupora tulikujua: ni watu wasiojulikana, wenye mapanga, wanaokukuta njiani. Hawa walikuwa ndugu. Tuliita kugawana vitu vya marehemu, basi, na mambo yakanyamazishwa hivyo.

Paskalina alirudi Mfaranyaki, kwenye baraza lile lile alipoanzia kazi ubintini, akashona kwa cherehani ya mtu mwingine. Jioni alipika, akafua, akalala. Mwaka ulipita. Utani wa nyumba ile uliisha, na mwenyewe alikonda.

Kilichomtoa huko ni habari aliyoisikia kwa mteja. Chuo kimoja cha ufundi mjini kilikuwa kinatafuta mtu wa kuwafundisha wasichana ushonaji, lakini lazima awe na cheti cha kidato cha nne. Paskalina aliacha shule kidato cha pili, baba yake alipopooza. Mimi nilikuwa tayari nasoma QT, masomo ya watu wazima wanaorudia, kwa sababu nilichoka kuwa mhudumu wa kufagia zahanati huku nikitamani uuguzi. Nikamwambia, "Twende wote. Ukikaa unangoja nini?" Akasema hana muda. Jumatatu iliyofuata nilimkuta getini kwetu ameshika kalamu.

Tulisoma alasiri kwenye ukumbi mmoja kule Bombambili. Wanafunzi walikuwa mchanganyiko: bodaboda, mama lishe, mlinzi mmoja aliyekuja na rungu lake, walimu wasaidizi wa chekechea. Kiingereza alitufundisha Mwalimu Saleh, kijana wa Kiyao kutoka Tunduru, mtoto wa wakulima wa korosho. Alikuwa mwembamba, shati limechomekewa, na alikuwa na kichaa cha maneno. Ukimuuliza maana ya neno, hakukupa maana tu. Angekuambia neno hilo limezaliwa wapi, mama yake nani, limepita nchi gani kabla ya kufika kwenye daftari lako. Wengine walimlalamikia kwamba anapoteza muda wa mtihani. Mimi nilimpenda, kwani ndiye pekee aliyenifanya nisisinzie.

Siku moja tulikuwa tunasoma habari fupi ya ufahamu kuhusu vita vya zamani. Palikuwa na sentensi inayosema askari waliingia kijijini, na baada yake neno ambalo hatukulijua: *plunder*. Mwalimu Saleh akaliandika ubaoni.

"Nani ananiambia maana?"

"Kuiba," akasema Clinton, kijana wa bodaboda aliyependa kukaa mbele.

"Umekaribia. Lakini mwizi huiba asionekane. Huyu haogopi kuonekana. Anakuja kwa nguvu, anachukua anachotaka, na wewe umesimama unamwangalia."

"Kupora," tukasema wengi kwa pamoja.

"Kupora. Kuteka nyara. Vizuri." Akaifuta chaki mikononi. Tukajua safari imeanza. "Sasa, hili neno si la Waingereza. Wamelichukua kwa Wajerumani."

Darasa likaguna. Neno Wajerumani Songea si neno tupu. Clinton akasema, "Ndiyo maana, Mwalimu! Wale si ndio waliochoma vyakula vya babu zetu wakati wa Majimaji? Neno lao hilo, wacha wabaki nalo."

"Na nyie Wangoni je?" akasema Mwalimu Saleh. "Mlipofika huku mlikuja na barua ya mwaliko? Waulizeni babu zangu Wayao."

Tulicheka sana. Mngoni na watani wake, hapo hakuna kesi. Aliacha kicheko kiishe.

"Lakini sikilizeni," akasema. "Neno hili ni la zamani kuliko ukoloni. Karibu miaka mia nne iliyopita kulikuwa na vita kubwa huko kwao Ujerumani. Ilidumu miaka thelathini. Majeshi yalikuwa mengi, mishahara hakuna, askari wakawa wanakula vijijini. Walikwenda huko Waingereza na Waskoti kupigana kama askari wa kukodiwa, na waliporudi kwao wakarudi na neno. Baadaye Waingereza wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, neno likapata kazi, likaenea. Wapo waliolalamika kwamba ni neno geni na baya. Lakini lilibaki, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwepo."

"Sasa kwa Kijerumani maana yake nini?" mlinzi akauliza.

"Ah! Hapo ndipo ninapopapenda." Akatoa simu, akaitazama kuhakikisha. "Kabla halijawa kitenzi lilikuwa jina. Jina la vitu. Unafikiri vitu gani? Dhahabu? Fedha? Hapana. Lilikuwa jina la vyombo vya ndani. Matandiko, nguo, vitu vya mtu wa kawaida nyumbani kwake. Hata leo Mjerumani akilitaja jina hilo anamaanisha takataka, vikorokoro visivyo na thamani. Kwa hiyo kitenzi hiki, ukikifuata mpaka mwanzo, si kuchukua hazina ya mfalme. Ni kumwingilia mtu nyumbani na kumchukulia vikorokoro vyake."

Nilihisi Paskalina amekaa wima pembeni yangu.

"Mwalimu," akasema. Hakuwa na kawaida ya kuuliza. "Hata mablanketi?"

"Hasa mablanketi, Mama Fortunata. Matandiko ndiyo ya kwanza."

"Na masufuria?"

"Bila shaka, na masufuria."

Mwalimu akaendelea. Akatutaka kila mmoja atunge sentensi. Clinton akatunga ya majambazi na benki. Mlinzi akatunga ya nyani na shamba la mahindi, na Mwalimu akaikubali. Zamu ya Paskalina ilipofika alisimama, ingawa hatukuwa na desturi ya kusimama, akasema polepole, neno kwa neno:

"*My husband's brothers plundered my house.*"

Clinton alianza kucheka, kisha akaona hakuna anayecheka. Ndugu wa mume wangu wameipora nyumba yangu: hata waliokuwa na Kiingereza cha kubahatisha walielewa. Mwalimu Saleh aliweka chaki mezani.

"Ni mfano, Mama, au ni jambo?"

"Ni jambo," akasema. Na pale pale, amesimama, akalieleza lote, kwa Kiswahili sasa, tangu sala mpaka maharage. Mimi niliyekuwepo siku ile sikuwahi kumsikia akilisimulia. Alipofika kwenye cherehani aliishia hapo, akakaa.

"Pole sana," Mwalimu akasema. "Kwetu sisi Waislamu mjane ana fungu lake, limetajwa katika Kitabu, halina mjadala. Na bado, wallahi, nimeona watu wa Tunduru wakimfanyia mjane hayo hayo. Kwa hiyo usidhani ni aibu ya kabila lako." Halafu akaongeza, kwa sababu alikuwa mwalimu hata katika huzuni, "Na sentensi yako ni sahihi kabisa."

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulipofika karibu na kwetu Paskalina akasema, "Shukuru, mwaka mzima nimejiuliza kwa nini inaniuma sana, vitu vyenyewe vya bei ndogo. Nikajiona mlafi. Mume amekufa, mimi nalilia sufuria. Kumbe kuna watu huko mbali walifanyiwa hivi hivi mpaka wakahitaji neno."

"Sasa utafanya nini?"

"Jumapili baada ya misa nakwenda Maposeni. Utanisindikiza?"

Nilitaka kumwambia tuanze kwa katekista, au kwa mtendaji, au kwa wale wasaidizi wa sheria. Nilimtazama usoni nikaacha.

Jumapili ile tulichukua bodaboda, ya Clinton mwenyewe, ambaye alikataa nauli na kukataa kurudi mpaka tumalize. Tulimwacha kwenye kivuli cha duka la jirani. Edmund alikuwa uani kwake ameketi kwenye kigoda, anapukuchua mahindi juu ya turubai. Mkewe, Fausta, alitoka jikoni, akatuona, akasimama ghafla na mwiko mkononi.

"Shikamoo, shemeji," Paskalina akasema.

"Marahaba. Karibuni." Edmund alivuta kigoda kingine kwa mguu. "Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Anakukumbuka baba yake mkubwa."

Fausta alileta togwa. Tukanywa. Tukaongelea mvua na bei ya mbolea. Nilianza kuogopa kwamba tutaongelea mbolea mpaka jua lizame. Ndipo Paskalina akaweka kikombe chini.

"Shemeji, nimekuja kuomba..." akaanza, kisha akajikatiza. "Hapana. Sikuja kuomba. Nimekuja kuchukua vyombo vyangu."

Edmund hakuacha kupukuchua. "Vyombo gani? Vile ni vya marehemu. Tulichukua mali ya ndugu yetu."

"Cherehani alikuwa anashonea marehemu?"

Gunzi likamponyoka mkononi. Aliliokota. "Mila haikuanza na mimi," akasema. "Wewe ni mwanamke kijana. Kesho ungeolewa, na mwanaume mwingine angelala kwenye kitanda cha mdogo wangu, kichwa kwenye mto wake. Ningeliwezaje hilo? Mimi ndiye niliyemlea Oswald, mama yetu alipofariki. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni."

Sikutegemea kumhurumia mtu yule, lakini nilimhurumia. Macho yake yalikuwa mekundu. Nadhani Paskalina naye aliona, kwa sababu sauti yake ilishuka.

"Kitanda kaeni nacho, shemeji. Kitanda sikidai."

Edmund akatazama chini. "Kitanda hakipo. Dada yetu alikiuza kule Lizaboni. Sikumtuma."

"Na mablanketi?"

"Mablanketi yapo."

"Fortunata alijifunika gunia mwezi wa saba wote."

Mikono yake ilisimama. "Gunia gani?"

"La katani. La mahindi uliyotuletea kabla ya msiba."

"Sikujua hilo."

"Ungejuaje? Hukurudi kuuliza." Alivuta pumzi. "Shemeji, nimejifunza neno darasani. Neno la Kizungu la kupora..."

"Unatuita majambazi?" Edmund akasimama. "Unakuja nyumbani kwangu na shahidi kunitukana?"

"Kaa, shemeji, unisikie. Neno lenyewe halikuanza na majambazi. Limetoka kwa Wajerumani, na kwao lilikuwa jina la vyombo vya ndani tu. Matandiko na nguo. Askari waliingia kwa wakulima, wakawatolea vyombo nje, wakawaacha kwenye baridi. Likawa ndilo jina la kitendo."

Wana-Maposeni wamekaa jirani na misheni ya Peramiho tangu babu zao. Wajerumani kwao ni mapadri na mabruda waliowajengea shule na hospitali. Edmund alikunja uso. "Wajerumani waliwafanyia akina nani?"

"Wajerumani wenzao. Mwalimu alisema majeshi yalikuwa ya mataifa mengi, lakini hata yao wenyewe yalifanya."

"Wenyewe kwa wenyewe?"

"Wenyewe kwa wenyewe, shemeji."

Alikaa tena. Kuku walikuja wakadonoa mahindi kwenye turubai na hakuwafukuza.

Wakati huo Fausta, ambaye muda wote alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, alikuja akamshika Paskalina mkono. "Njoo uone, Mama Fortunata," akasema.

Tulimfuata chumba cha nyuma, wanakoweka majembe na viroba vya mbegu. Pembeni palikuwa na kitu kimefunikwa kwa kanga mbili. Alizifunua. Cherehani iling'aa kama iliyotoka dukani. Paskalina alizungusha gurudumu kwa kidole kimoja, nalo likazunguka bila mlio.

"Nimekuwa naitia mafuta," Fausta akasema. "Najua kutu ya huku."

"Dada Fausta, hukuitumia? Wewe si unajua kushona?"

"Najua. Mara ngapi binti zangu wamehitaji sare nikazipeleka kwa fundi!" Hakunong'ona. Alisema kwa sauti ya kawaida, na mlango ulikuwa wazi kuelekea uani. "Lakini ningekaa vipi kwenye cherehani ya mjane? Siku Edmund akifa watakuja na kwangu, hao hao, na sala hiyo hiyo. Nilikuwa natunza cha mwenzangu ili nami nipate wa kunitunzia changu."

Tuliporudi uani Edmund alikuwa hapukuchui tena. Alikuwa amesikia, hapakuwa na namna ya kutosikia. Alimtazama mkewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza baada ya safari ndefu.

"Jumamosi," akasema mwishowe, "nitaleta vyote vilivyopo. Gari nitatafuta mwenyewe."

Mimi nilikuwa nimeshasikia ahadi nyingi za Jumamosi. Paskalina naye, naona, alikuwa amezisikia. "Asante, shemeji. Meza utaniletea Jumamosi. Kichwa cha cherehani naondoka nacho leo."

Edmund mwenyewe ndiye aliyekifungua kutoka mezani. Aliulizia bisibisi kwa Fausta, akapiga goti, akafungua taratibu, akakizungusha kwenye kanga na kukibeba mpaka kwenye pikipiki. Paskalina alikipakata njia nzima, katikati ya mimi na Clinton, kile chuma kizito kikimkandamiza mapaja kila tulipopita shimo. Clinton alikuwa anaendesha polepole kama aliyebeba mayai.

Jumamosi alikuja kweli. Alileta meza, mablanketi mawili ambayo Fausta alikuwa ameyafua na kuyaanika, pazia, mabeseni, masufuria matatu, na madebe mawili ya unga. Sufuria moja kati ya yale haikuwa ya Paskalina. Aliigundua na hakusema. Kabati la vyombo lilikuwa kwa dada yao na halijarudi hadi leo, godoro pia. Kisha Edmund akatoa kwenye mfuko wa plastiki blanketi jipya, lenye maua makubwa, akamwita Fortunata.

"Hili ni lako," akamwambia. "Si la mama, si la baba, ni lako wewe."

Mtoto alipiga goti, akalipokea kwa mikono miwili, akasema asante baba. Edmund aligeuka kuitazama barabara.

Nisiseme kwamba mambo yote yalinyooka. Dada yao mpaka sasa hasalimiani na Paskalina, na wapo watu wa Maposeni wanaosema mjane wa Oswald amesoma vitabu akaharibika kichwa. Lakini mwezi uliofuata Fausta alituma salamu tuende kwenye sala ya jumuiya yao, zamu imeangukia nyumbani kwake. Tulikwenda. Baada ya sala, wakati wa matangazo, Edmund aliomba nafasi. Hakuwa msemaji. Alikamata kofia yake kwa mikono miwili.

"Wanajumuiya, mimi mzima wa afya, namshukuru Mungu. Lakini siku nikifa, vilivyo ndani ya nyumba hii ni vya Fausta. Jembe, kitanda, mpaka kijiko. Ndugu zangu mpo hapa, mmesikia. Atakayekuja kuvitoa, mumfukuze, hata kama anasali."

Watu walicheka, halafu kicheko kikakatika chenyewe. Mzee mmoja akasema jambo hilo halijawahi kusemwa mtu akiwa hai, ni kujiitia kifo. Mwanaume mwingine, bado kijana, akainuka akasema naye anasema vivyo hivyo kwa mke wake. Wa tatu alikataa kabisa, mkewe akanyanyuka akaenda kuchota maji kisimani wakati ndoo ilikuwa imejaa. Fausta alikuwa anamimina chai. Chai ilifurika kikombe cha katekista.

Mtihani tulifanya mwishoni mwa mwaka. Paskalina alipata C ya Kiingereza, na Kiswahili akapata B. Hesabu zilimshinda, akazirudia, zikamshinda tena, kisha zikamkubali kwa shida. Mimi niliingia chuo cha uuguzi na nikahama Mshangano, kwa hiyo mengine nimeyajua kwa kupita. Mwalimu Saleh alipata uhamisho kurudi kwao Tunduru. Wanafunzi tulimchangia shati, Paskalina akalishona, na likamkaa vizuri kuliko yote aliyowahi kuyachomekea.

Mwaka jana akafa baba mmoja wa mtaa wetu wa zamani, dereva wa lori, mwenyeji wa mkoa mwingine. Siku ndugu waliyosema watakuja, Paskalina alikwenda kwa mjane yule asubuhi na viazi vya kumenya. Nyuma yake akaenda mama mwingine, na mwingine. Ndugu walipofika walikuta wanawake zaidi ya kumi wamekaa mlangoni, wanamenya viazi, wanasalimia vizuri tu, shikamoo mjomba, karibu mjomba, hakuna anayesogea. Waliketi, wakanywa chai, wakasema wamekuja kumjulia hali mama na watoto. Wakaondoka.

Chuo kile cha ufundi kilimpa Paskalina kazi, kwanza ya kibarua, sasa ya kudumu. Nilipita huko wiki iliyopita nikitoka zamu ya hospitali. Nilisimama dirishani. Palikuwa na wasichana wameinamia vyerehani, na Paskalina amevaa miwani ambayo sikuwahi kumwona nayo, anamfumulia mmoja pindo lililopinda.

"Fumua tena," alikuwa anasema, "hapana haraka. Nguo hii itavaliwa na mtu."

Akaniona, akanipungia mkasi niingie.